Salamu Kabla ya Habari

Ukibonyeza ukurasa wa mtandaoni wa jumuiya yetu, kioo cha simu kilibaki cheupe muda mrefu, kama ukuta. Halafu ikaja sauti ya marehemu mwenyekiti: assalamu alaykum, karibuni, hamjambo, watoto hawajambo, kazi zinakwendaje, baridi mnaionaje. Alikuwa amejirekodi mwenyewe, bila haraka. Maneno ya ukurasa hayakutokea mpaka salamu yake yote iwe imeshaingia kwenye simu yako.

Sisi ni watu wa Unguja na Pemba tuliotawanyika Birmingham. Ukurasa ule ulikuwa na ratiba ya chuo cha Kurani cha watoto na picha za Idd, lakini kila mtu alijua unafunguliwa kwa nini hasa. Makundi ya simu yaliwahi kumzika mtu aliye hai, kwa hiyo wazee wakakubaliana: msiba ni ule uliotangazwa kwenye ukurasa. Hapa mazishi hungoja karatasi za hospitali, lakini karatasi zikishatoka, maiti husaliwa adhuhuri hiyo hiyo. Asiyeona tangazo hafiki.

Mwenyekiti alipofariki, sauti yake iliendelea kuwakaribisha watu huku ikiwazuia wasijue kwamba ameshaondoka. Waliokwenda makaburini hawakutosha hata kupokezana jeneza vizuri. Bibi yangu, mama yake mama, alikwenda kukaa msibani kwa mjane. Aliporudi alivua mtandio, akaukunja polepole.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi nisizikwe vile."

Sasa bibi alikuwa amelazwa, pumzi fupi, mrija puani. Na mama akanigeukia mimi.

"Wewe si unashinda kwenye kompyuta? Utengeneze ule ukurasa."

Mimi naandika riwaya. Kwa mama, anayeshinda mbele ya kompyuta ni fundi wa kompyuta, na siku zile sikuwa na moyo wa kubishana naye. Nikajifungia chumbani kwangu Kings Heath, juu ya duka la viatu, nikajifunza kwa kutazama video za watu wanaoeleza mambo haya kwa furaha ambayo sikuwa nayo. Nilianza na picha za Idd. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kubandikwa ukutani, ilhali kwenye ukurasa ilionekana kama kiganja. Nilizipunguza zote. Kila simu ikilia, moyo wangu ulitangulia kuipokea: hospitali hiyo. Nilipomaliza nikafungua ukurasa kwenye kompyuta yangu, ukaja pale pale, maneno na sauti pamoja.

Nikapanda basi kwenda Lozells, kwa mama, nikachukua simu yake kuukuu yenye ufa. Nikabonyeza. Ukuta mweupe.

"Labda kwako ndiko unakofunguka," mama akasema, anamenya viazi. "Sisi wa huku tumealikwa kusubiri."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kompyuta yangu ilikuwa imeuhifadhi ukurasa tangu siku nilizoufungua mwanzo. Ilikuwa inanipakulia kiporo, mimi nikadhani ni chakula cha leo. Tangu siku hiyo sikuamini kitu mpaka nimekiona kwenye simu ya mama, jikoni kwake.

Picha zilikuwa zimepungua kweli, lakini sauti ilibaki pale pale mbele, nzito. Na sauti ile ilikuwa na mwenyewe.

Mjane wa mwenyekiti anakaa Castle Vale. Alinipokea kwa chai ya tangawizi na kunikalisha mbele ya picha ya mumewe. Nilipomweleza nililojia, aliweka kikombe chini.

"Kila nikimaliza kusali alfajiri namfungua. Nangoja, ananisalimu. Na wewe unataka kumnyamazisha."

"Simnyamazishi, Bi Mkubwa. Nataka aje akiitwa. Anayemtaka atabonyeza."

"Mtu haambiwi habari kabla ya salamu. Sisi tumelelewa hivyo. Nyinyi wa huku sijui mmelelewa na nani."

Nikamwambia tu kwamba bibi yangu amelazwa, na hali yake siipendi. Mjane akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi. Sikumwambia kwamba sauti ile ndiyo iliyowazuia watu siku ya mumewe. Nadhani alijua.

"Aliyekuja kunambia baba yangu kafa hakunsalimu," akasema mwishowe. "Alisimama mlangoni tu, nikajua. Basi mweke chini. Lakini mahali ntakapomuona."

Nikamweka chini kabisa ya ukurasa, picha yake ndogo. Sauti isije mpaka ibonyezwe. Juu nikaweka nafasi ya tangazo, maneno matupu, yatangulie kila kitu. Ikabaki kujaribu, na nafasi ile haikuonekana mpaka iwe na tangazo ndani yake. Nilikuwa jikoni kwa mama. Nikaandika: Tangazo la msiba. Tumeondokewa na mama yetu mpendwa. Sala baada ya adhuhuri.

Nilipofika kwenye jina, vidole vikagoma. Kuandika jina la bibi ni uchuro. Kuandika jina la bibi wa mwenzangu ni uchuro pia, tena wa choyo. Nikaacha pengo.

Nikabonyeza simu ya mama, na maneno yakaja kabla sijainua kidole. Nikafunga, nikafungua tena. Yale yale, papo hapo. Nikamwita mama aone. Akaja anajifuta mikono, akasoma, akashika ukingo wa meza.

"Nani?"

"Hakuna, mama. Najaribu tu."

Simu ikalia mkononi mwangu. Mwanamke analia: poleni wanangu, sote ni wa Mungu. Akafuata mwingine. Watu wote walijua ni ajuza gani wa kwetu yuko hospitali, na pengo nililoliacha lilimtosha barabara. Nililifuta tangazo, lakini kwa kasi ile niliyoitafuta wiki zote zile lilikuwa limeshafika kwenye simu za watu. Haukupita muda mrefu viatu vikajaa mlangoni. Mwanamume mmoja alikuwa amefunga duka lake. Mjane wa Castle Vale aliteremka kwenye teksi na sufuria la wali.

"Yu hai, jamani," mama alikuwa akirudia ukumbini. "Yu hai."

"Lakini ilikuwa kwenye ukurasa," mtu mmoja akasema, kwa upole, kama anayemfariji.

Mimi nilichoogopa ni kimoja: bibi asije akasikia kifo chake kwa mtu mwingine. Tukakimbilia hospitali, na mjane akatufuata na sufuria lake, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia aliache. Muuguzi, dada wa Kikenya, alitusimamisha.

"Wageni ni wawili wawili, tafadhali. Na hiyo sufuria inamwona nani?"

Niliinama sikioni mwa bibi, nikamweleza yote mpaka kwenye pengo la jina. Mrija ukapiga mluzi mdogo.

"Wamekuja?"

"Nyumba imejaa, bibi. Viatu vimefika njiani."

"Na yule mjane?"

"Yuko nje hapo. Kaja na wali."

"Wali gani?"

"Wa nazi."

Alifumba macho. Niliona uso wake ukilegea, nikaogopa, nikamshika mkono. Mkono ukanibana.

"Siku yenyewe jina uliandike," akasema. "Usiwababaishe watu. Hebu nione."

Nikampa simu ya mama. Ukurasa ukafunguka bila tangazo lolote. Akausogeza kwa kidole mpaka chini, akaikuta picha ya mwenyekiti, akaibonyeza. Sauti ikaanza: assalamu alaykum, karibuni, hamjambo.

"Waalaykumu salaam," bibi akajibu. Akaiweka simu kifuani, akamwacha aulizie watoto, na kazi, na baridi, mpaka alipomaliza mwenyewe.