Chumba cha Ng'ambo ya Mto

Mutie alizaliwa Wamunyu, akafundishwa kuchonga na babake, na alipokuja Nairobi akafikia Majengo, Pumwani, kwa mtu wa kwao. Kufikia ndiko kulikokuwa nusu ya dini yake. Mtu haji mjini akalala gesti ilhali damu yake ina paa. Ukimlipa mgeni akulaze, huku ndugu yako yuko mtaa wa pili, umetangaza kwamba ndugu huyo ni maiti.

Kwa hiyo chumba chake cha udongo na mabati hakikuwahi kuwa chake peke yake. Walifikia hapo madereva waliokuwa wakisaka kazi, makarani walioachishwa, wanawake waliowaleta wagonjwa wao hospitalini. Walikula, wakalala, wakaenda zao, wengine bila hata kumwambia. Aliyekaa ni Mwelu, binti wa dadake marehemu. Aliletwa akiwa mdogo, na nguo zake zikiwa kwenye karatasi ya plastiki. Mutie akampa kitanda, akatundika pazia, na yeye akatandika mkeka sakafuni. Baridi ya sakafu ile iliingia mgongoni mwake na haikutoka tena. Vifaru, twiga na simba wa mbao ndio waliomsomesha Mwelu, hadi akapata kazi ya kutunza wazee Italia, akaolewa huko, katika mji wa Florence.

Mwaka wa kwanza alisema kwa simu, "Mjomba, siku utakayokuja huku, nyumba ni yako." Alisema mara moja tu. Mutie alilitunza neno hilo kama wengine wanavyotunza hati ya shamba.

Kisha Vivian, msichana wa shirika dogo linalowatafutia wachongaji soko, akaja na habari kwenye banda alikochongea Mutie na wenzake. Kulikuwa na maonyesho ya mafundi wa mbao, Florence hiyo hiyo, na Mutie amechaguliwa. Nauli ilikuwa tayari. Kilichobaki ni achague mahali pa kulala, maana bila anwani hakuna viza. Vivian akaketi kwenye gogo na kumwonyesha picha katika simu. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya watawa, vyumba vyeupe, bustani ya malimau. Ya pili ilikuwa chumba kilicho juu ya karakana ya mzee mmoja anayechonga fremu, ndani ya kichochoro chembamba.

"Mtaa unaitwa Oltrarno. Maana yake ng'ambo ya mto," Vivian akasema. "Ni mtaa wa mafundi tangu zamani za kale. Na huyo mzee ndiye aliyemwona simba wako kwenye picha. Anakuulizia wewe."

Mutie akaikuza picha kwa vidole vilivyokuwa vyeusi kwa rangi ya viatu, ile wanayong'arishia vinyago. Akaona plasta iliyobanduka kama ya Majengo. Akaona patasi zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na chini yake gogo ambalo limeanza tu kuchongwa. Dirisha lilikuwa wazi. Alitazama kwa muda mrefu, na waliokuwa karibu waliona midomo yake ikitikisika kidogo, kama mtu anayehesabu vitu vyake.

"Woi, Mzee Mutie!" Khalayi, mama anayewauzia wachongaji chai na mandazi, alikuwa amechungulia begani kwake. "Si Mwelu wako ako hapo hapo? Ama ile Florence yake iko hapa Nairobi, Lucky Summer?"

Banda zima likacheka. Mutie akairudisha simu kama mtu aliyeshikwa akila chakula cha wenyewe.

"Nina mtoto huko," akasema. "Nitalala vipi kwa watu?"

"Una uhakika, mzee?" Vivian akauliza. "Kwa sababu kama una kwako, hiki chumba naweza kumpa fundi mwingine. Tuchukue wawili."

"Mpe Nzivo."

Nzivo alikuwa kijana aliyejifunza kazi miguuni pa Mutie. Msasa ulimponyoka. "Mkuu! Uko serious?"

"Nenda, kijana. Chumba kizuri kile."

Wiki iliyofuata Vivian alirudi. Ubalozi ulitaka neno la mwenyeji, kwa hiyo ilibidi Mwelu apigiwe. Mutie alinawa mikono kwanza, akavaa koti, akamwagiza Khalayi alete chai ya watu wote.

"Weka kwa spika," akasema. "Wamsikie."

Sauti ya Mwelu ilitoka kwa Kiitaliano, nyepesi, yenye furaha. Vivian akajieleza. Ng'ambo ile vyombo viligongana, sauti ya mwanamume ikauliza jambo, na Mwelu akamjibu kwa kicheko. Kisha akarudi kwenye simu kwa Kiswahili safi.

"Samahani, dada. Mimi nililelewa na masista. Sina mjomba."

Mutie akainama juu ya simu. "Mwelu, mama, ni mimi."

"Mzee, umekosea namba. Tafadhali usipige tena."

Mzee. Kama wauza ndizi wanavyomwita yeyote mwenye mvi.

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Khalayi akaitazama birika yake. "Sasa hii chai nani anakunywa?"

Mutie akamgeukia Nzivo. "Kijana, kile chumba..."

"Mkuu, chumba ni kimoja. Kitanda ni kimoja."

"Nitalala chini. Nimezoea."

"Mzee wa karakana amekubali mtu mmoja, na kwa watawa kumeshajaa," Vivian akasema taratibu. "Lakini Nzivo akikubali mbadilishane, naweza kujaribu."

Macho yote yakamwendea Nzivo. Yeye akampuliza vumbi twiga aliyekuwa mkononi. "Si ulisema nipewe? Tena mbele ya hawa wote? Halafu, mkuu, tusidanganyane. Wewe ukienda unarudi kufanya nini? Mimi ndio naanza maisha."

Wengine waliinamisha vichwa, na kwa kuinamisha wakakubali.

Nzivo alisafiri na vinyago vyake, pamoja na kifaru mmoja wa Mutie wa kuuza. Mutie alimpa kifaru huyo bila kuombwa. Alikuwa na alama yake, ile ile aliyoiweka kwa kila mnyama: chini ya mguu mmoja wa nyuma hapakuguswa na msasa, makovu ya tezo yakabaki. Mwelu alipokuwa mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kuyapapasa makovu hayo, gizani, umeme ukipotea, na kutaja ni mnyama gani.

Nzivo aliporudi alikuwa na viatu vya ngozi na hadithi. Alisimulia jinsi mzee wa fremu alivyomwamsha kwa kahawa chungu, jinsi harufu ya gundi ilivyopanda ngazini, jinsi alivyosikia nyundo asubuhi akadhani yuko nyumbani. "Siku ya kwanza aliniuliza yule wa simba yuko wapi. Nikamwambia amezeeka, hawezi safari."

"Ulimwona?" Mutie akauliza.

"Mwelu? Alipita na mzungu wake. Alimshika kifaru wako, akamgeuza, akapapasa mguu." Nzivo akatabasamu, akitafuta macho ya wenzake. "Akamrudisha mezani haraka kama kitu cha moto. Mkalimani akanitafsiria: akaambia bwanake hiyo ni takataka ya watalii."

Jioni ile Mutie alikuwa ameketi mlangoni kwake wakati mwanamke mmoja alipoingia uani na mtoto mgongoni na begi kichwani. Alikuwa na vumbi la Wamunyu miguuni.

"Mjomba, mimi ni Mbithe, wa kwa kina Ndunge. Nimemleta mtoto hospitali. Nyumbani wameniambia nifikie kwako, kwamba wewe hukosi pahali."

Nyuma ya Mutie pazia lilikuwa bado limetundikwa, na kitanda kimetandikwa. Mbithe alikiona. Akaanza kushusha begi.

"Usishushe," Mutie akasema. "Kuna gesti barabarani, na kuna nyingine ng'ambo ya mto. Tembea uzitazame zote mbili. Chagua."

Mtoto akakohoa. Mbithe alisimama akisubiri acheke, kwa sababu lazima ilikuwa ni mzaha. Mutie akainuka, akaingia ndani, na kusukuma komeo.