Kasha la Rabai Lisilojua Mwaka

Saa tisa na robo alasiri, Trizah Kahaso anakamua kipande cha leso kilicholowa maji na kukizungushia kasha jeusi lenye ukubwa wa mkate. Simu yake imesimamishwa juu ya vitabu viwili, kamera ikikitazama kioo cha kompyuta kuukuu. Maandishi yanashuka kiooni mstari mmoja mmoja, kama maji ya mfereji usio na nguvu.

"Mia nane sabini na moja," anasema, na kuiandika namba hiyo kwenye daftari. "Makala hii ni ya mbuzi aliyevimba tumbo. Mwalimu Sanga aliniletea mwenyewe, na mbuzi akamleta."

Yumo ndani ya stoo ya shule ya msingi katika vilima vya Rabai, baina ya majembe na madawati yaliyovunjika. Kila siku ya masomo, watoto wakishakwenda uwanjani, mwalimu mkuu humfungulia mlango. Huwa ana dakika arobaini hivi. Zikipita, kasha hupata joto, hujizima, na haliwaki tena mpaka kesho yake.

Katika muda huo hufunguka makala saba. Siku ya bahati, nane.

Trizah ana miaka 41. Kazi yake ni meza moja mjini Kaloleni, ambapo huchapa barua za watu na kutengeneza simu. "Siku nzuri napata shilingi mia saba," anasema. "Nauli ya kuja huku na kurudi inakula mia mbili." Kompyuta hakuisomea popote. Alijifunza kwa kufungua zilizoharibika na kuandika kila alichokiona.

Mwaka 2017 shirika moja, ambalo hapendi kulitaja, lilileta makasha themanini kwa shule zisizo na intaneti. Ndani mlikuwa na ensaiklopidia nzima, na mwanafunzi aliweza kuisoma bila kununua bando. Shirika likataka pia elimu ya wenyeji. Wachimba visima, wakunga, wafugaji na walimu wakaandika kwenye madaftari, au wakasimulia na kuandikiwa. Trizah akaajiriwa kuyachapa, shilingi arobaini kwa kila makala. Alichapa makala 1,312.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo hulisema kabla hajaulizwa.

Madaftari yalipokwisha kuchapwa yalijaa chumba. Jirani yake wa meza, Mueni, anauza njugu, na njugu zinahitaji karatasi za kufungia. Trizah akampa madaftari yote, mafungu kwa mafungu, kwa muda wa mwaka mzima.

"Niliona yameshaingia kwenye mashine," anasema. "Kilichoingia kwenye mashine, si kimehifadhiwa?"

Mueni halioni jambo hilo kwa uzito huo, au hujifanya halioni. "Mimi niliuza njugu za shilingi kumi na elimu juu yake, bure," husema. "Kaloleni nzima imekula ensaiklopidia, mama. Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Trizah hucheka. Kisha hurudi kwenye simu anayoitengeneza.

Mwaka 2021 mradi ulifungwa. Hakuna aliyewaambia walimu kwamba makasha yalikuwa yakitafuta ruhusa mpya kila mwaka kutoka kwa mashine ya shirika, mbali huko. Mashine hiyo ilipozimwa, makasha yakaanza kuonyesha ukurasa mmoja tu: leseni yako imekwisha. Shule moja baada ya nyingine ikayaweka juu ya kabati. Moja, anasema, alilikuta likizuia mlango wa jiko usijifunge.

Alikwenda mpaka ofisi ya shirika mjini Kilifi, siku za mwisho mwisho, samani zikitolewa. Aliomba makala za wenyeji tu. Sayari na wafalme wa Ulaya vinapatikana kwingine, alisema, lakini visima vya Rabai havipatikani popote. Afisa akamjibu kwamba yaliyomo ni mali ya mradi.

"Nikamwambia, huku kwetu shamba laweza kuwa lako na minazi ikawa yangu, kwa sababu niliyeipanda ni mimi. Kasha ni lenu, sawa. Makala ni minazi yetu." Anaigeuza leso upande ulio baridi. "Akasema, 'Dada, hii si minazi.' Akanipa chupa ya maji, nikarudi."

Mwaka uliofuata alikutana na Zayd, mwalimu wa madrasa Malindi, ambaye shirika lingine lilikuwa limempa makasha yasiyosoma chochote kilichotoka kwenye makasha ya kwanza. Akapatikana pia mtunza maktaba wa Kilifi, Vivian, mwenye kabati la mashine za aina tatu zisizojuana. Watu hao watatu wakakubaliana kuandika mpangilio mmoja wa faili utakaofunguka kwenye mashine yoyote, hata simu iliyopasuka kioo.

Wakauita Pakacha. Pwani kila mtu analijua pakacha: kuti la mnazi husukwa papo hapo, likabeba nazi au samaki, na hakuna anayeombwa ruhusa ya kulisuka.

Maelezo ya Pakacha ni kurasa kumi na mbili za Kiswahili, na hayauzwi. Hayana ufunguo wala tarehe ya kwisha. Kila makala hubeba ndani yake jina la aliyeisimulia na kijiji chake. Kanuni ya saba, aliyoiandika Trizah mwenyewe, inasema karatasi iliyoandikwa kwa mkono isitupwe. Leo shule kumi na tisa zinautumia mpangilio huo.

"Pakacha tunalo," asema Zayd kwa simu kutoka Malindi. "Cha kutia ndani ndicho kilichotuponyoka."

Kasha la Rabai liligunduliwa Januari iliyopita. Betri ya saa yake ilikufa zamani, kwa hiyo kila likiwashwa huamini kwamba ni Jumanne, tarehe 12 Februari, 2019. Kwa tarehe hiyo leseni bado ni halali. Halikubali kunakiliwa, lakini linakubali kusomwa. Trizah hupiga picha kila ukurasa, na nyumbani huyachapa maneno aliyokwisha kuyachapa mara moja. Safari hii hakuna wa kumlipa.

Na kasha linachoka. Mwezi wa kwanza lilidumu saa nzima. Wiki iliyopita, mara mbili lilizima kabla ya nusu saa.

Makala nambari 1,204 ni ya mamake, Kahonzi, aliyefariki mwaka 2020. Inaeleza jinsi ya kuhifadhi mbegu ya mahindi kwenye uchaga juu ya jiko: kuni gani ziwake, moshi uwe mwingi kiasi gani, mbegu igeuzwe lini. "Aliisema yote, mimi nikichapa," asema Trizah. "Sikushika hata nusu. Nilijua nimeiandika. Humu ndani yeye bado yu hai, ni Jumanne."

Kuifungua ni kuandika namba na kungoja dakika tano. Bado hajaifungua.

Habari za kasha zilipoenea, watu walianza kuja mezani kwake. Kila mmoja alitaka makala ya mtu wake itangulie. Mmoja wao, Ngowa, alitoka Junju kuomba makala ya baba yake, nambari 1,290. Trizah akawaambia wote kwamba ataanza nambari moja na kwenda kwa zamu, kwa sababu wengi wa waliomo hawana mtu wa kuwaombea. Ngowa aliondoka bila kuaga.

Saa tisa na dakika hamsini simu inaita. Ni Zayd, anataka hesabu ya leo.

"Dada Trizah, kasha litakufa," anamwambia. "Mtangulize mama. Dakika tano tu. Ni nani atakayejua?"

"Ngowa nilimkatalia, ustadhi."

"Ngowa hayupo hapo."

"Ndiyo maana."

Zayd anamwombea kheri na kukata.

Kwenye kioo inashuka makala 877, ya mzee Nyale, mchimba visima, naye hayupo tena duniani. Trizah anasoma kwa sauti ya chini kadiri mistari inavyofika: "Ukifika futi ishirini ukakuta udongo mweupe unaonata, simama. Mtoe aliye chini. Kisha usi..."

Kioo kinakuwa cheusi. Anagusa kifuniko cha kasha kwa mgongo wa kidole na kuuondoa upesi.

Mwalimu mkuu, aliyekuja na ufunguo, anachungulia daftari. "Malizia tu mwenyewe," anasema. "Usichimbe zaidi. Si ndiyo hiyo?"

"Huenda," Trizah anajibu. "Huenda pia ni usiwashe taa. Aliyejua ni mzee Nyale."

Anaandika: 877, imekatikia hapa, kesho ianzwe upya. Kisha anaianika leso juu ya dawati lililovunjika ili kesho aikute mahali pake, na kumpisha mwalimu afunge mlango.