Kungwi Aliyemtoa Mwali kwa Mlango wa Mbele

Jumanne asubuhi nilikuwa nimeanika ngozi ya mbuzi juani, nangoja ikauke nipate kuwamba ngoma, akapita jirani yangu muuza maji na mkokoteni wake. Akausimamisha, akanipa mkono kabla ya salamu. Mtu akikupa mkono kabla ya salamu ujue lipo jambo. "Mzee, yule bibi wa Mtoni katutoka alfajiri." Nikamwuliza bibi yupi, ingawa moyo ulishajua. "Yule kungwi. Mwenye vigelegele." Basi niliiacha ngozi na nzi wake nikaenda. Nilipofika, wanaume wameketi jamvini nje, wanawake wako ndani, kilio kimeanza kupoa. Nikasimama dirishani nikapaza sauti: "Leo umepatikana, Mzaramo wee! Miaka yote waniita mbeba mizigo, haya, leo nani atabebwa?" Wageni walishtuka, mmoja akaninusa kama nimelewa. Wenyeji wakacheka huku wanafuta machozi, maana wanajua. Marehemu baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani kupakua shehena bandarini, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani anayo ruhusa ya kumsema maiti hata hajaoshwa. Kwa hiyo haya nitakayoyasema leo, msomaji wangu, usinikunjie uso.

Mie na yeye tulijuana kwa masikio kuliko kwa macho. Kazi ya kungwi ni ndani: anakabidhiwa mwali, binti anayekaribia kuolewa, amfunde mambo ya nyumba na ya utu uzima mpaka siku ya kumtoa. Kazi yangu ni nje, na ngoma, sioni kitu. Yeye akipiga kigelegele kirefu naanza, akipiga kifupi naacha. Tumefanya hivyo Mtoni, Mbagala, Kiwalani kote, na sikumbuki kama tuliwahi kukosana mapigo. Mengine tulikosana sana. Hakuwa malaika, nisiwadanganye. Alikuwa na ulimi wa upupu, mali yake haikopwi, na mwali mzembe alifinywa paja mpaka akaujua ujana. Alipenda tambuu, akitema, kuku hukimbia. Lakini mwali akiwa mkononi mwake, baba mtu hana amri, mama hana amri, wala bwana harusi. Mwenye mwali ni kungwi. Hiyo ndiyo sheria yetu, na juu ya sheria hiyo ndipo kisa changu kinasimama.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipojaa vitu tena baada ya njaa ya sabuni. Redio za Dubai zinalia kila kibaraza, mitumba imemwagwa barabarani, kila mtu mfanyabiashara. Na wakati huohuo serikali, ambayo zamani ilimsomesha mtoto wa chuo mpaka nauli ya kwendea ikampa, ikasema sasa wazazi nanyi mchangie. Sie wengine tuliosoma darasa la nne tukaishia hapo hatukuelewa sana, lakini baba mmoja muuza mkaa pale Mtoni alielewa vizuri kabisa. Alikuwa na binti amemaliza kidato cha sita, kichwa chake cha hesabu kinatisha. Baba akapiga mahesabu yake ya mkaa, akaona chuo hakifikiki. Akaja kijana mmoja wa Kiarabu, mzaliwa wa hapohapo, ana duka la vipuri vya magari, ana adabu, akaleta posa. Baba akakubali. Binti akakubali pia, tusimseme kijana wa watu, binti alimpenda. Ila alikubali kama mtu anayepanda gari la pili kwa sababu la kwanza limempita.

Akawekwa ndani. Anasuguliwa singo, ile dawa ya manukato ya kung'arisha ngozi, amepakwa hina, jua halimgusi, mwanamume hamwoni, mpaka ndoa siku ya Ijumaa. Jumatatu mie nimekwenda kupatana habari ya ngoma, tumekaa uani na kungwi, baba na mama mtu, mara huyo mwalimu wa hesabu wa binti anaingia na baiskeli, shati limelowa jasho. Anasema kuna wafadhili wana ofisi mjini, wanachukua vijana waliofaulu sana, wanawalipia chuo kila kitu, ada, kulala, kula, vitabu. Jina la binti alilipeleka yeye zamani. Sasa limerudi. "Wanamtaka Jumatano saa tatu, aje mwenyewe, aulizwe maswali. Asiyefika wanamwita mwingine."

Kuku tu ndiye anaparua. Baba akasema, "Mwalimu, ahsante, lakini mwali hatoki. Ungekuja mwezi jana." Mwalimu, mtu wa bara, hajui mila zetu, akasema, "Mzee, ni saa moja tu, atarudi!" Mama akaanza kulia, kisha akapata akili ya mama. "Tumtoe alfajiri kwa mlango wa uani. Tumvike buibui, apande gari la kwanza, adhuhuri yumo ndani. Nani atajua?" Nikasema moyoni, hapo sawa. Hata mie ningefanya hivyo. Baba akamtazama kungwi, maana neno la mwisho ni lake.

Kungwi akatema tambuu. Kuku akakimbia. Akageukia pazia la chumba, maana mwali alikuwa nyuma yake anasikia kila neno. "Mwali hasemi, mwanangu, lakini kikohozi hakikatazwi. Ukitaka kwenda, kohoa." Ndugu zangu! Kilitoka kikohozi pale ambacho ungedhani mtoto ana kifua kikuu. Mwalimu akacheka mpaka baiskeli ikaanguka. Kungwi hakucheka. Akasema, "Basi atakwenda. Lakini kwa mlango wa uani hatoki, hata kwa dawa. Mwali hatoroshwi, mwali hutolewa. Nikimtoa kama mwizi, atakwenda kukaa mbele ya wale watu kama mwizi, na watamwona ni mwizi. Mnyamwezi, Jumatano alfajiri washa moto, ngoma zako zipate joto."

Baba akashika kichwa. "Bibi, wakwe wakisikia ngoma watavunja posa!" "Wakivunja watavunja wakiwa wamesikia vizuri."

Hapa niwaambie kwa nini neno lile lilikuwa zito. Kwetu Uswahilini mtoto akipata nafasi ya kusoma, hasa ya nje, inafichwa kama maradhi. Tunaogopa husuda. Palikuwa na kijana mtaa wa pili, alipata ufadhili India, mama yake akatuambia amekwenda Kilwa kwa mjomba. Tukaitikia, Kilwa. Tulijua si Kilwa baada ya muda mrefu, mtoto alipougua hukohuko ugenini akalazwa, mama peke yake analia chumbani usiku na mchana. Kumwombea dua hatukumwombea, kwa sababu sie tulijua yuko Kilwa anakula dagaa. Alipona, alhamdulillahi, lakini mama alikonda peke yake. Mficha uchi hazai, walisema wa kale. Kungwi alikuwa ndiye jirani ukuta kwa ukuta na mama yule. Alikisikia kilio kile bila kujua ni cha nini, na nadhani hakikumtoka.

Sasa gari. Mwali hapandi gari la abiria, na pikapu nzima mtaani ilikuwa moja, nayo ni ya bwana harusi. Kungwi akanituma mie. Nikamkuta dukani, amepakaa grisi mpaka viwiko. "Bwana harusi, kungwi wa mkeo anataka gari Jumatano." "La kufanyia nini, mzee?" "Kumpeleka mkeo mjini akaulizwe maswali ya chuo." Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, mie nangoja nitimuliwe. Kisha akasema, "Gari hilo klachi yake mbovu, halimkubali dereva mwingine. Mwambie bibi nitaendesha mwenyewe." Nilipompelekea kungwi jibu hilo alisema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akimsemea mwanamume yeyote: "Huyu kalelewa."

Jumatano ikafika. Kigelegele kirefu, mie nikaanza, vijana wangu wakadaka. Mlango wa mbele ukafunguka, mwali akatoka amebebwa mgongoni na mwanamke wa miraba minne, amefunikwa kanga gubigubi, miguu tu inaonekana, ina hina. Mtaa mzima ukamwagika na miswaki mdomoni: Jumatano? Ngoma ya nini? Kungwi akawajibu kwa sauti ya mpiga mbiu: "Binti yetu kaitwa kwa akili zake! Mwenye dua alete, mwenye husuda naye alete, leo tunapokea vyote!" Bwana harusi yuko kwenye usukani, shingo imekakamaa, anatazama mbele. Kungwi akaingiza mkono dirishani akakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma, kikatazama dari. "Mpaka Ijumaa," akamwambia. Hapo ndipo shangazi wa bwana harusi akatokea, kanga moja begani, anatetemeka kwa hasira. "Aibu gani hii? Mwali anatembezwa kama mbuzi wa mnada! Ngoma ikivuma sana hupasuka, we bibi!" Kungwi alikuwa ameshapanda nyuma. "Ikipasuka tutawamba nyingine, wifi. Mbuzi hawajaisha Mbagala."

Tukaenda mjini hivyohivyo. Dereva hana kioo, kila gari linatupigia honi, sie tunadhani wanatushangilia, tunazidisha. Nje ya ofisi ile askari wa getini akaja na rungu. "Hapa hakuna harusi, wazee!" Kungwi akamjibu, "Ipo, ila hujaalikwa." Akamshusha binti, akatugeuza wanaume wote uso kwa ukuta, akamfunua kanga palepale getini, akampangusa singo shavuni kwa kidole gumba, akampeleka mpaka mlangoni. Mie na vijana wangu tukabaki barabarani tunapiga polepole. Ya ndani alinihadithia binti mwenyewe baadaye. Walikuwa watu watatu mezani, wamezoea watoto wanaoingia wanatetemeka. Wakaona hina, wakaona uso umebaki njano nusu kwa singo, wakasikia ngoma dirishani. Mkubwa wao akauliza, "Hiyo kelele ni ya nini?" Akasema, "Ngoma hiyo ni yangu." Wakatazamana. Wakamwuliza, na ukishaolewa, mume akikukataza kusoma? Akajibu, "Mume wangu ndiye dereva, yupo getini. Mwiteni mumwulize, ila mie nitafumba macho." Walicheka, na baada ya kucheka wakamwuliza hesabu, na hesabu ndiyo ilikuwa nyumbani kwake.

Alipata. Ndoa ilifungwa Ijumaa ileile, shangazi hakuja. Binti akaingia chuo na hina bado haijafutika kuchani. Leo ni mhandisi wa maji, anavaa kofia ngumu, anaamrisha wanaume wenye ndevu. Lakini msidhani kungwi alitunzwa. Makungwi wenzake walimtenga, wakasema huyu anatoa wali kabla ya siku, ameuza mila. Shangazi naye alipita nyumba kwa nyumba. Ngoma zangu zililala, zake zikalala, akakaanga mihogo barazani, na ukipita kununua anakwambia, "Mnyamwezi, kula, ukabebe mizigo." Sikumsikia akijuta. Nilimwuliza siku moja, akasema, "Mie nimeshafunda wasichana wengi kukaa. Yule nilimfunda kwenda. Wote ni wali."

Halafu akaja mama mmoja kutoka Mbagala, kavaa vizuri, akasimama mbele ya karai la mihogo. "Bibi, naomba uje umtoe binti yangu." "Anaolewa lini?" "Haolewi. Kachaguliwa chuo cha uuguzi." Kungwi akaacha mihogo iungue. Nakumbuka harufu yake, maana alinifuata mbio na mwiko bado mkononi: "Mnyamwezi, moto! Washa moto!" Kuanzia hapo, upande wetu huu wa Temeke, mtoto akichaguliwa, wa kike au wa kiume, wapo wanaomtoa kwa ngoma mchana kweupe. Na kitu kimoja nimekishuhudia kwa macho yangu: mtaa ulioicheza ngoma ya mtoto hauoni haya kumchangia shuka, wala yeye haoni haya kurudi. Wafadhili wanatoa ada, Mungu awalipe. Lakini ule mgongo wa kubebewa mpaka kwenye gari, huo hautoki ofisini. Huo hutoka mlangoni kwenu.

Narudi msibani nimalizie. Alasiri jeneza likawa tayari. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha dimbwi mbele ya nyumba, na mlango wa mbele ni mwembamba, vijana wakasema tupitishe uani, ni karibu na njia. Tukaanza kugeuka. Mara sauti ya kike kutoka ndani, ya mtu aliyezoea kuamrisha: "Hapana, baba zangu! Somo yangu aliyenifunda hatoki kwa mlango wa uani." Nikaijua sauti. Bwana mmoja wa duka la vipuri, sasa ana mvi, alivua viatu akaingia dimbwini wa kwanza. Mie nilishika mti wa mbele wa jeneza, bega la kulia. Mzito, bibi yule, mpaka mwisho hakunionea huruma. Nikamwambia taratibu, "Haya, Mzaramo, umeshinda, Mnyamwezi kabeba." Na tulipovuka kizingiti nikasikia nyuma yetu kigelegele kimoja, kifupi, kikakatwa katikati. Msibani hakipigwi. Sikugeuka kutazama ni nani.

Basi mwenye mtoto aliyechaguliwa mwaka huu, asije akatuambia amekwenda Kilwa. Afungue mlango wa mbele, aseme kwa sauti, sie tupo. Ngozi niliyoianika Jumanne imeshakauka.