Miche Arobaini ya Mwanamkasi

Miche arobaini ya mikorosho ilikuwa imepangwa ukutani, upande wa kivuli, na kwa wiki ya tatu sasa Mwanamkasi aliinywesha maji aliyooshea vyombo. Ilikuwa imenawiri. Mizizi ya mingine ilikwisha toboa viriba vyeusi ikitafuta ardhi. Kila asubuhi aliitazama kama mtu anavyotazama wageni aliowakaribisha huku akijua hana kitanda cha kuwalaza.

Ardhi ndiyo hakuwa nayo. Miaka kumi na tisa iliyopita yeye na mumewe, Seleman, walihama Mlingotini wakaja Mkange kulima, na mzee Hamidu akawaazima ekari moja na nusu. Hakutaka kodi. Alitoa sharti moja: walime watakavyo, ila wasipande mti. Seleman hakuuliza sababu, kwa kuwa hata kwao mambo yalikuwa hivyo hivyo. Anayepanda muhogo ni mgeni, msimu ukiisha anaweza kuondoka na jembe lake. Anayepanda mnazi au mkorosho amekaa. Mti unakuwa wake hata kama ardhi si yake, na wajukuu wakikua wanaanza kuitana kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwa hiyo walipanda mihogo, mahindi, kunde na ufuta, wakapambana na nguruwe na ngedere. Kila mavuno Mwanamkasi alimpelekea Hamidu tenga la kunde kwa heshima. Mwaka ule Seleman alipofariki, mpapai ulijiotea kando ya shamba. Aliung'oa kwa mikono yake mwenyewe, ukiwa umeanza kutoa maua.

Kisha akaja Adila, afisa ugani mpya, binti mwenye buti safi na maneno mazuri. Aliwaambia wanakijiji kwamba serikali itawasaidia watakaochanganya miti na mazao na kuacha kuchoma mabua. Watapewa miche, na watapewa mbegu za mbaazi na kunde za kurudisha rutuba, msimu hadi msimu. Mwanamkasi alisikia neno rutuba akaikumbuka mihogo yake ya mwaka jana, myembamba kama vidole. Shamba lile lilikuwa limechoka kama yeye.

Foleni ya kujiandikisha ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Goti lilimuuma. Adila alipomuuliza kama shamba ni mali yake, aliitika kwa kichwa ili akakae. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Sasa Adila ametuma taarifa kwamba Alhamisi atapita kukagua. Asiyepanda atanyang'anywa miche na jina lake litafutwa, na mbegu hatapata tena. Jumanne asubuhi Mwanamkasi alijifunga kanga akaenda kwa Hamidu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Mina, mke wa Hamidu, alikuwa akichambua mchele. "Leo Mwanamkasi kaja mikono mitupu," alisema bila kuinua uso. "Kuna jambo."

Mwanamkasi alilieleza lote, hata kule kuitika kwa kichwa. Hamidu alikuna kifundo cha mguu kwa fimbo yake.

"Miche unayo tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

"Kijiji kizima kinajua. Nilikuwa nangoja nione kama utapanda kwanza, uniambie baadaye. Wenzako wangefanya hivyo."

"Ningefanya hivyo ningekutazama vipi, shemeji?"

"Ndiyo maana upo mpaka leo. Jibu langu ni lile lile nililompa Seleman."

"Na wewe utapanda lini?" Mina alidakia. "Kwa mgongo huo? Wanao wako Chalinze, hata sikukuu ya Idi hawaji. Au unangoja miche ije na miguu yake?"

Hamidu alimtazama mkewe. Halafu akamgeukia Mwanamkasi. "Basi panda. Lakini miti ni yangu. Ndugu yangu Adamu atakuja kushuhudia. Wewe utaendelea kulima chini yake kama kawaida."

"Chini ya mkorosho uliokomaa mtu analima nini?" Mina aliuliza. "Kivuli?"

"Hilo ni la miaka mingi mbele," alisema Hamidu, na hakuna aliyemuuliza ni mingapi.

Mwanamkasi aliijua. Njia nzima ya kurudi aliihesabu. Bila mbegu zile, ardhi ile isingempa muhogo wa maana zaidi ya misimu miwili. Akipanda, angelima miaka minne, pengine mitano, kisha matawi yangekutana na shamba lingefungwa. Kati ya njia mbili za kulikosa shamba, alichagua iliyo ndefu.

Jumatano alichimba mashimo arobaini, akipima kwa kamba kama alivyofundishwa. Adamu alikuja, akakaa juu ya gogo, akala kipande cha muhogo wa kuchemsha, akasema ameona, akaondoka. Mwanamkasi alipanda hadi alasiri. Mgongo ulipokataa kuinama alipiga magoti, na goti lilipokataa alikaa chini kabisa, akijisogeza na ndoo kutoka shimo hadi shimo.

Alhamisi Adila alifika, akatembea mstari hadi mstari, uso umemng'aa. "Mama, hili ndilo shamba la mfano. Simama karibu na mti wako nikupige picha."

Mwanamkasi alisimama hatua moja pembeni ya mche.

"Miti ikomae vizuri tu," Adila alisema akiandika. "Kivuli kikishafunga, mama yangu, hutashika jembe tena hapa."

"Najua, mwanangu."

"Utakuwa umepumzika."

"Eh," alisema Mwanamkasi. "Nitapumzika."

Alipokea mfuko wa mbegu za mbaazi, akatia kidole gumba kwenye karatasi, akamsindikiza mgeni hadi njiani. Kisha akarudi kuchukua ndoo. Mche wa mwisho, ule wa pembeni ulipokuwa umeota mpapai, ulikuwa bado haujapata maji.