Siku Mwanasha Alipolisoma Kombe

Nilipokuwa mtoto nilifunzwa kwamba mwenye kutoa ushahidi huanza kwa kuwataja waliokuwapo, ili baadaye asije mtu akasema hayakuwa. Basi nawataja. Uani kwa ami yangu, mtaa wa Shela, Malindi, walikuwapo hawa: Ami mwenyewe, Salimu bin Mbaraka, mwenye nyumba. Mama yake, Bi Zena binti Shee, ambaye ndiye bibi yangu mzaa baba. Maalim Athmani bin Faki, mwenye chuo cha Kurani nilichosoma. Kadzo wa Charo, Mgiriama wa Matsangoni, ambaye alizoea kutuletea nazi na siku ile alikuja kusaidia jikoni. Mwanasha, binti wa Ami, ambaye sherehe ilikuwa yake. Na mimi, Badi bin Mbwana. Wageni walikuwa wengi, siwataji. Walikuja kula biriani, nao waliila.

Mwanasha alikuwa amehitimu msahafu. Alihitimu kabla yetu sisi wavulana wote, ingawa hatukuwahi kumwona akisoma. Chuoni alikaa nyuma ya mkeka uliotundikwa pembeni, pamoja na wasichana wadogo. Tulichokijua kwake ni sauti. Maalim Athmani alipochoka kuturekebisha alisema tu, "Mwanasha, hebu waambie," na sauti ikatoka nyuma ya mkeka, ikalisoma neno tulilolivunja kama mtu anayeinua kitu kilichoanguka na kukirudisha mahali pake. Maalim alikuwa ameshasema kwamba akihitimu atamwachia darasa la wasichana. Hilo ndilo alilolitaka Mwanasha. Sikumsikia akitaka kitu kingine.

Desturi yetu ilikuwa hivi: mvulana akihitimu husoma mwenyewe mbele ya watu; msichana akihitimu, husomewa na ndugu yake wa kiume, naye hukaa ndani na hina yake akiwasikiliza watu wakimsifu aliyesoma. Mwanasha hakuwa na kaka. Ami akanitaja mimi, ambaye wakati huo nilikuwa bado nikikokota herufi.

Maalim Athmani akakataa. "Aliyehitimu ndiye asomaye," alisema. "Huyu Badi asome nini? Ataniaibisha mbele za watu."

Watu wakacheka, na mimi nikashusha pumzi. Bibi Zena hakucheka.

"Athmani, sauti ya mwari ni uchi," alisema. "Na jua likipinda, pana wenyewe."

Wenyewe, kwetu, ni majini. Hatukuyataja kwa jina baada ya alasiri. Bibi alishikilia kwamba jini mahaba, yule ampendaye mwanamke wa watu na kumfanya mkewe, hafuati sura, kwa kuwa sura hufunikwa. Hufuata sauti. Mwari akipaza sauti wakati wa magharibi, jini apitaye njia husimama, na akisimama haendi tena.

"Tutakuwa tumeshamaliza, Bi Zena," alisema Maalim. "Magharibi iko mbali."

Lakini wageni walichelewa, kama wageni, na mawingu yakafunga, hata ikabidi karabai iwashwe mapema na kutundikwa katikati ya ua. Wanaume walikaa mbele. Kati yao na wanawake palifungwa leso mbili, na Mwanasha akaketi nyuma yake. Maalim alikuwa amemwachia achague sura aitakayo. Akasoma Sura Maryam.

Mimi si mtu wa kusifu ovyo, na nimewasikia wasomaji wengi tangu siku ile, wengine wa kutoka ng'ambo. Nitasema tu kwamba wale waliokuwa wakinong'ona waliacha. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika tambuu hakuitia kinywani, aliishika hivyo hivyo. Maalim Athmani alifumba macho na mdomo wake ukawa unakwenda pamoja na wa Mwanasha, lakini bila sauti. Kadzo alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kwenye kizingiti. Hakuwa Mwislamu, na hakuelewa neno hata moja.

"Mwana mudzo huyu," alisema kwa Kigiriama chake, mtoto mwema huyu, akasahau kama wali ulikuwa motoni.

Kisha kioo cha karabai kikapasuka, kikamwagikia sinia ya kaimati.

Wanawake walipiga ukelele. Bibi Zena peke yake ndiye aliyebaki ameketi.

"Si nimesema?" alisema. "Si nimesema, nyie?"

Baada ya siku chache Mwanasha akashikwa na homa. Homa ilipoondoka ilimwachia sauti iliyokwaruza, na hapo mtaa mzima ukajua: onyo la Bi Zena limetimia. Na mimi niliamini. Nilikuwa mtoto, na nilikiona kioo kikipasuka kwa macho yangu.

Sasa nina umri wa kuyasema yaliyotokea. Kulikuwa na manyunyu. Tone la maji baridi likiangukia kioo cha moto, kioo hupasuka. Baadaye, katika shule ya Waingereza niliyopelekwa, mwalimu alitufanyia jambo hilo hilo kwa chupa, na hakuna aliyeposwa na jini. Na homa ilikuwa imeingia nyumba zote za Shela baada ya mvua zile. Wavulana wa chuoni walilala nayo, nami nikiwa mmoja wao, tukakwaruza kama vyura. Hakuna aliyesema kwamba jini wa kike amezipenda sauti zetu.

Lakini Ami Salimu aliingiwa na hofu. Hakuwa mtu mkali, na kwa hilo namkasirikia zaidi, kwa sababu mtu mkali ungemtarajia. "Nani ataoa mke wa jini?" alikuwa akiuliza, akizunguka uani. "Niambieni, nani?" Bibi Zena akampa jibu: sauti ifungwe. Aandikiwe kombe, na aliandike yule yule aliyelifungua jambo.

Asiyelijua kombe nitamweleza. Huandikwa aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi ya mawaridi, na mgonjwa akanywa yale maji. Wengi wamelinywa, na wengi wamepona au wamedhani wamepona. Sina ugomvi na anayetafuta uzima kwa maneno ya Mungu. Ugomvi wangu ni na sahani ile moja.

Maalim Athmani alikuja na sahani imefunikwa kawa, akaingia chumbani kwa Mwanasha; mimi nilikuwa mlangoni. Hakumtazama mtu. Alikuwa anajua, kama ninavyojua mimi leo, kwamba hakuna jini aliyesimama, na kwamba hakuna kitabu alichokisoma kilichomwambia amnyamazishe mtoto aliyehitimu. Lakini wazazi walikuwa wameanza kuwatoa wana wao chuoni, na Maalim aliwaogopa wazazi kuliko alivyomwogopa Mungu aliyemfunza. Akaiweka sahani mbele ya Mwanasha, mkononi ana kichupa cha marashi.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa la watu waliozoea kuwaandikia wasiojua kusoma. Katika chumba kile mlikuwa na Bibi, na mama yake Mwanasha, na shangazi, na Kadzo aliyeleta madafu. Kwa wote hao sahani ile ilikuwa dawa ya rangi ya manjano. Mwanasha aliiinamia akaisoma.

Aliisoma kwa sauti. Ilikuwa Ayatul Kursi, na alianza pale ilipoanzia, kwa ile sauti iliyokwaruza, hata hakujua kwamba anasoma. Ndivyo mtu aliyefunzwa anavyofanya aonapo aya mbele yake. Kisha akanyoosha kidole juu ya sahani, bila kuigusa, akasema, "Maalim, hapa umeacha herufi."

Bibi Zena alimziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza! Nyamaza, mwanangu, wamuita!"

"Namuita nani, Bibi?" Sauti ilitoka imefinyika katikati ya vidole.

"Osha, Athmani. Upesi."

Maalim akamimina marashi. Maandishi yakalegea, yakawa maji ya manjano, na Mwanasha akanyweshwa mpaka tone la mwisho. Maalim akamwambia, kwa upole, kama mtu anayempa mtoto zawadi, "Mwanangu, usipaze sauti tena. Ukipaza, mwenyewe atarudi."

Kadzo ndiye peke yake aliyesema neno, tena si kwa kuulizwa. "Mambo yenu nyie Waswahili! Mwampa mwana chakula, halafu mwamwambia asikitaje jina."

"Kadzo, rudi kwa madafu yako," akasema Bibi.

Alikwenda. Lakini alikuwa amesema. Walimnywesha mtoto Kurani ili asiisome Kurani, na aliyeliona jambo hilo alikuwa muuza nazi asiyeswali wala kufunga.

Darasa la wasichana halikuwapo tena. Mkeka ulishushwa. Mwanasha aliolewa, akazaa, akazika mume, na miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemsikia akisoma hata kwa kunong'ona. Mimi, mkokota herufi, nikawa mwalimu wa serikali, na kwa kuwa nilivaa kanzu na miwani, niliitwa kusoma kwenye harusi na matanga hadi Kilifi. Watu walisema, "Mashallah, Maalim Badi." Mwanasha alikuwa upande wa wanawake, akisikia kila herufi niliyoivunja.

Nisieleweke vibaya. Sitara naijua. Mama yangu hakutoka mlangoni bila buibui, nami sikumwomba alivue, wala wajukuu zangu wanaojifunika siwadharau. Sitara ni vazi, na mwenye vazi hulivaa. Kiganja mdomoni mwa mtoto si vazi.

Ningelinyamazia jambo hili mpaka kaburini, maana si tabia yangu kuanika mambo ya nyumba. Lakini juzi, katika msikiti ambao sitautaja, kijana wetu Ustadh Yasir alishika kipaza sauti akatangaza kwamba wasichana wa madrasa ya Matsangoni, waliokuwa waje Malindi kusoma mbele ya wazee, watasoma kwa wanawake peke yao, milango imefungwa. Akatoa sababu: sauti ya mwanamke ni uchi.

Nikasimama. Mimi si mtu wa kusimama misikitini.

"Ustadh, hilo liko katika aya gani?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Aya gani?"

"Ni maneno ya wanazuoni, babu."

"Wepi? Nitajie. Mimi hupenda majina."

"Wako wengi. Zama zimeharibika, babu, tunaziba njia ya fitna."

"Na Bi Aisha alipowafundisha masahaba dini yao," nikamuuliza, "aliwafundisha kwa kuashiria vidole?"

Safu za nyuma zikacheka. Ustadh naye akatabasamu, maana ni kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo inayonikera. "Keti, babu, miguu itakuuma."

"Imeshaniuma. Nijibu la mwisho. Wazee wetu walisema akisoma atamvuta jini mahaba. Nawe ndivyo usemavyo?"

"Astaghfirullah! Huo ni ushirikina. Tumeshaupiga vita sisi."

Nikaketi. Nilikuwa nimeelewa jambo ambalo lilinichukua umri mzima. Wamemtupa jini na kufuli wamelibakiza. Bibi Zena, Mungu amrehemu, aliogopa. Alimpenda mjukuu wake na aliogopa kitu ambacho kwake kilikuwa na macho na miguu. Huyu kijana haogopi chochote. Nimejaribu kumsamehe Bibi, na karibu naweza. Maalim Athmani, aliyejua, sijaweza. Na hawa wa leo, walio na vitabu vyote simuni mwao, sijaanza hata kujaribu.

Siku iliyofuata nilikwenda Mnarani, ng'ambo ya hori la Kilifi, ambako Mwanasha aliishi kwa bintiye Rukia. Alinikaribisha chai ya tangawizi. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Dada, yule jini, ulipata kumwona?"

"Badi, mdogo wangu, mimi niliishi na marehemu Bwana Omari maisha yake yote. Jini wa nini tena?"

Rukia alicheka mpaka akaiweka birika chini. Mwanasha hakucheka sana. Akaivuta leso begani.

"Nilisoma moyoni," alisema. "Nikipika, nikifua. Sikuacha hata siku moja. Lakini moyoni mtu hajui kama sauti ipo bado." Kisha akauliza, "Huyo Ustadh wenu, asoma vizuri?"

"Asoma. Ila madda zake, ile mivuto, ni fupi. Ana haraka."

"Basi mlete aketi mbele yangu asome, nimrekebishe. Akimaliza nitasoma mimi, na hao wasichana wa Matsangoni wawepo. Na mlango uwe wazi."

"Wanaume watasikia."

"Na wasikie. Walinisikia mara moja, hakuna aliyekufa."

Nilimpelekea Ustadh Yasir habari hiyo, neno kwa neno. Alikuna ndevu, akasema kwamba ajuza kama huyo hawezi kukataliwa, na kwamba atakuja. Tukapanga iwe Jumamosi baada ya alasiri, nami nikapatana na mwenye gari aende kumchukua.

Mwanasha binti Salimu bin Mbaraka amefariki Alhamisi, siku mbili kabla, nyumbani kwa bintiye, Mnarani.