Nilidhani Mwaka Mzima ni Novemba

Mpango wangu wa kwanza wa kulipa madeni ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Niliupiga mistari kwa rula kwenye daftari jipya, nikatumia kalamu za rangi tatu: nyekundu kwa mkopo wa oveni, bluu kwa deni la duka, kijani kwa mikopo ya simu. Kila wiki ilikuwa na kisanduku chake, na kila kisanduku kilikuwa na kiasi kilekile. Kwa mujibu wa daftari, kufikia Juni nisingedaiwa na mtu. Siku ile nililifungua mara nne, kulitazama tu.

Mpango ulidumu wiki mbili.

Niseme mapema kwamba sikuingia kwenye madeni kwa starehe. Ingekuwa starehe, walau ningekuwa na la kusimulia. Mimi niliingia kwa keki. Naoka keki nyumbani kwetu Rahaleo, na hakuna aliyenifundisha; nilijifunza kwa video za kwenye simu, nikisimamisha na kurudisha nyuma mpaka bando linaisha. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana hofu moja isiyomtoka, kwamba siku moja atakuja anayejua kweli, aitazame kazi yake mara moja tu, acheke. Kwa hiyo keki ikitoka na ufa juu, au krimu ikikataa kunyooka pembeni, sikuipeleka kwa mteja. Niliigawa kwa majirani, nikaoka nyingine. Watoto wa mtaa wetu waliipenda sana hofu yangu.

Oveni niliinunua Novemba. Huku kwetu Novemba korosho zinakuwa zimeuzwa mnadani na fedha zimeanza kuingia kwa wakulima, na kila nyumba ina jambo: harusi, mwali anatolewa unyagoni, mtu kaezeka bati na anataka watu waje waone. Mwezi ule oda zilikuwa nyingi mpaka nyingine nikazikataa. Nikachukua mapato yangu, nikazidisha mara kumi na mbili, nikaona naweza. Nikachukua mkopo wa kurejesha kila wiki, ule ambao mtaani tunauita kausha damu, nikanunua oveni kubwa ya gesi. Mimi ni mzaliwa wa Mtwara. Nilijua korosho zinavunwa lini kabla sijajua kusoma. Na bado nilidhani mwaka mzima ni Novemba.

Februari mvua zilikuwa zinanyesha na hakuna aliyekuwa na hela. Oda zilikuja, lakini zilikuja na maneno yaleyale: "Andika, mwanangu. Korosho zikilipwa nakuletea mwenyewe." Nikaandika. Kumwomba mteja atangulize nusu niliona ni sawa na kukiri kwamba mimi si fundi kamili. Unga na mayai nilichukua dukani kwa mkopo. Rejesho la oveni lilipopungua, nikakopa kwenye simu. Kisha nikakopa kwenye simu tena kulipa ule wa kwanza wa simu.

Ndipo nilipouchora ule mpango wa rangi tatu. Na kisanduku cha kwanza kilipobaki kitupu kwenye daftari, sikwenda kumwambia mtu. Nilifungua ukurasa mpya nikauchora mpango upya, uanzie wiki inayofuata, usiwe na doa. Kufikia katikati ya Machi nilikuwa nimeuchora mara nne. Madeni yaliongezeka, ila mistari ilizidi kunyooka.

Mama ndiye aliyeanza kujua. Alirudi sokoni na simu mkononi, akanisomea ujumbe wa wale wa mkopo wa simu: wanamwomba anikumbushe, maana mimi ni mdaiwa sugu. Ujumbe huohuo ulikuwa umekwenda kwa watu wote ambao namba zao nilikuwa nazo. Wateja. Mwalimu wangu wa kwaya. Fundi bomba.

"Sugu maana yake umekopa mara ngapi?" mama aliuliza.

"Mara moja," nikasema. Zilikuwa mara tatu.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo akaja kijana wa ile kampuni ya kausha damu, na faili kwapani. Alipiga hodi kwa adabu. "Shikamoo mama. Nimekuja kuisalimia oveni."

"Kwani ni ndugu yako?" mama akamuuliza.

"Mpaka deni liishe, mama, ni ndugu yangu kuliko yake."

Akaipiga picha mbele na ubavuni. Akaniachia barua, akasema nina wiki tano sijarejesha, na mwezi ukiisha kabla sijaja ofisini, gari itakuja kuichukua. Mezani kulikuwa na keki niliyoikataa asubuhi ile. Mama, ambaye hawezi kumwacha mgeni aondoke hivihivi, akamkatia kipande. Kijana akala amesimama.

"Tamu hii. Imeharibika wapi?"

"Juu," nikasema.

Akainama akaitazama. "Mimi sioni."

Bila oveni ile nisingekuwa na kazi, na bila kazi nisingelipa hata yule wa duka. Hilo nililielewa bila rula. Mama naye alilielewa, ndiyo maana jioni hiyo alinipeleka kwa jirani yetu, mhasibu mstaafu wa bandari. Yeye na marehemu mumewe walikuja kikazi kutoka Mbeya zamani, wakabaki. Mtaani kwetu, mtu akipata barua ya kudaiwa, humpelekea yeye kabla ya kumpelekea mchungaji.

Niliomba siku moja ninakili karatasi zangu vizuri kwanza. Mama alizikusanya zote kutoka chini ya godoro langu, akazisokomeza kwenye kikapu cha sokoni.

"Mwaga," jirani alisema, akionyesha meza.

Nikamwaga. Zilionekana nyingi na chafu, nyingine zina alama za siagi. Alizipanga polepole, kisha akavua miwani. "Yote ndiyo haya?"

"Ndiyo, mama."

"Binti yangu, nimekaa bandarini miaka thelathini. Nimedanganywa na manahodha wa meli. Yote ndiyo haya?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha mikopo miwili ambayo mama hakuwa akiijua. Nililia, na sijui kama nililia kwa aibu au kwa kuwa hakukuwa tena na deni la kuficha. Mama alitazama dirishani. Jirani alisubiri nimalize, akaniuliza kama napenda chai ya tangawizi.

Halafu akalifungua daftari langu la rangi tatu. Alilitazama kwa heshima kabisa, kama mtu anayeonyeshwa nyumba.

"Mzuri. Sasa humu ataishi nani? Huu ni mpango wa mtu mwenye mshahara. Wateja wako wanapata hela lini?"

"Korosho zikiuzwa."

"Na kabla ya hapo?"

"Wachache, Juni, wakiuza ufuta."

"Basi na wewe lipa hivyohivyo."

Alichukua penseli, akageuza barua ya kampuni ya kausha damu, na nyuma yake akaandika mpango mwingine. Machi mpaka Mei, kidogo kila wiki, kidogo mpaka nikaona aibu. Juni na Julai, zaidi kiasi. Novemba, fungu kubwa. Mikopo ya simu imalizwe mwanzo kwa kuwa ni midogo na haina mtu wa kuongea naye. Duka lipate kila wiki, hata kama ni hela ya trei moja ya mayai. Alikata, akafuta, akaandika juu ya alipofuta. Mkono wangu uliniwasha kutaka kuunakili.

"Mwezi uliopita ulioka keki ngapi?" akauliza.

"Tisa."

"Oda zilikuwa ngapi?"

"Tano."

Akaweka penseli chini. "Hizo nne ndizo marejesho yako." Akaongeza masharti mawili chini kabisa: mteja atangulize nusu, na oda moja ni keki moja.

"Ikitoka vibaya?"

"Unaipeleka hivyohivyo."

Ofisini kwa wale wa kausha damu jirani alinisindikiza, lakini mlangoni akaniambia yeye amekuja kukaa tu. Meneja alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye kucha nzuri. Nilimwambia nadaiwa na nani na kiasi gani, wote, pamoja na wasio wake. Nikamwambia nitaweza kiasi gani sasa na kiasi gani Novemba.

"Dada, kila anayekaa kiti hicho ananitajia Novemba," alisema.

"Najua. Ndiyo maana sijaja na Novemba peke yake. Nimekuja na ya leo." Nikaweka mezani rejesho la kwanza, lile dogo la aibu.

Alilihesabu. Wakazungumza na yule kijana wa faili. Faini za kuchelewa wakazisimamisha. Riba wakakataa kuigusa. Tukaandikiana: nikikosa wiki moja nitoe taarifa kabla, nikikosa wiki mbili mfululizo oveni inaondoka na hakuna mazungumzo tena. Nikasaini. Mwenye duka naye, mzee wa watu wa Mikindani, hakuhitaji karatasi. "Deni nakusubiri, mjukuu wangu. Lakini unga mpya kwa taslimu. Tusije tukachukiana, keki zako nazipenda."

Nililipa Aprili. Nililipa Mei, mkopo mmoja wa simu ukafa, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wiki ya mwisho ya Mei gesi iliisha nikakosa rejesho. Nikatoa taarifa kabla. Maana yake wiki iliyofuata sikuwa na ruhusa ya kukosa.

Wiki hiyo ndiyo nilikuwa na oda ya kijiji cha Mahurunga, ya mama mmoja aliyekuwa anamtoa mwali wake. Alikuwa ametanguliza nusu. Keki ilitoka imeinama. Si kidogo, upande mmoja ulikuwa umeshuka kama mtu aliyebeba ndoo. Nikaisawazisha kwa kisu, ikabomoka. Nikaongeza krimu upande wa chini, ikaonekana imevimba. Hela ya rejesho ilikuwa kwenye kopo la sukari, na ilitosha kabisa unga, mayai na siagi ya keki nyingine. Nilifunua kopo nikalifunika. Nikalifunua tena. Jasho lilikuwa linanitoka na jiko lilikuwa limezimwa. Nilijua kabisa kwamba keki ya pili ingetoka nzuri. Ndilo lililonitesa.

Kaka wa mteja alipopiga honi nje, nilipanda pikapu yake na keki ileile, nikaiweka mapajani mpaka Mahurunga.

Shangazi wa mwali ndiye aliyeiona kwanza. "Dada wee! Keki yako imesikia ngoma mpaka imeinama?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akashusha bega akacheza huku kainama vilevile, wengine wakampigia makofi. Mimi nikaanza kueleza habari za moto wa oveni na ukubwa wa chombo. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mama wa mwali akanivuta pembeni akaomba nimpunguzie elfu tano kwa ajili ya huo mwinamo, nikampunguzia. Kisha wakaikata wakaila ikaisha, na mwali akalamba krimu ya ule upande uliovimba.

Ningependa kusema nilifurahi. Sikufurahi, nilihesabu kila jicho lililotazama upande ule. Lakini Ijumaa nilikuwa ofisini na rejesho la wiki ile, na sehemu kubwa ya wiki niliyokosa, na wiki mbili baadaye shangazi yule alinipigia anataka keki ya harusi. "Ya kusimama, lakini," alisema.

Nikamwambia atangulize nusu. Akatanguliza.

Novemba ilipofika, wateja niliowaandika Februari walianza kuja. Baadhi walikuja wenyewe kama walivyoahidi, mmoja na kuku juu. Wengine niliwafuata. Wawili hawajalipa hadi leo, na mmoja wao nasikia alivuka mpaka wa Kilambo kwenda Msumbiji, na keki yangu tumboni. Fungu kubwa halikuwa kubwa kama lilivyoandikwa kwa penseli. Nilikwenda nalo hivyohivyo, nikasema limepungua na kwa nini, na lililobaki likamalizika wiki ya pili ya Desemba.

Siku hiyo meneja alinipa barua ya kumaliza deni pamoja na risiti ya dukani ya oveni, ambayo walikuwa wameishikilia tangu siku ya mkopo. Bado nadaiwa. Deni la duka litanipeleka mpaka msimu ujao wa korosho. Lakini oveni sasa ni yangu, na nilitembea kwa miguu kutoka ofisini mpaka Rahaleo kwa sababu sikutaka kufika haraka.

Mama alikuwa jikoni. Nikampa risiti. Akavaa miwani, akaisoma mpaka chini.

"Bei yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Wewe uliniambia nusu yake."

"Nilikudanganya, mama."

"Na riba?"

Nikavuta kiti nikamwambia. Nikamwambia na mengine ambayo hakuuliza: kopo la sukari, mkufu wangu wa kipaimara niliouuza Machi, zile siku nilizosema nakwenda kwaya nikakaa ufukweni nikisubiri jioni ifike. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza akaikunja risiti, akaiingiza ndani ya Biblia yake.

"Kesho una oda?"

"Moja."

"Katanguliza?"

"Katanguliza."

"Haya, sogea nipike. Lioveni lenyewe limekula jiko zima."