Kidole Gumba cha Mkunga

Kwa miaka kumi na tisa alifua shuka za hoteli kubwa iliyo juu ya kilima, na hata alipoacha kazi, jina la huko lilimganda kama kupe: Mama Foronya. Wenzake wa chumba cha kufulia ndio waliombandika, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukunja foronya kama yeye, pembe juu ya pembe, mpaka mtu akaona haya kuilalia. Viungo vya vidole vilipoanza kumuuma kwa ajili ya maji ya moto, aliaga, akarudi nyumbani kwa mama yake. Akavitazama vyumba vitatu vya mbele vilivyokuwa vikilaliwa na masanduku na buibui, akajisemea kwamba kama aliweza kuwatandikia wageni wa watu, hashindwi kuwatandikia wake.

Ndivyo nyumba ya wageni ilivyoanza. Kitanda safi, maji ya moto kwa wanaowahi kuamka, na asubuhi meza ya barazani yenye chai, mayai, mkate na matunda yaliyomenywa. Hakuwa na kibao mlangoni. Mgeni mmoja alimwambia mwingine, basi.

Mama yake alikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha la uani. Alikuwa na miaka themanini na sita. Magoti yalikuwa yamegoma, lakini kichwa kilikuwa kizima kuliko vya wengi wanaopanda ngazi mbili mbili. Alikuwa mkunga wa hospitali kwa miaka thelathini na moja. Aliwapokea watoto mpaka akaacha kuhesabu, na kwa kila mtoto aliandika kadi kwa mkono wake: jina la mama, uzito, saa na dakika. Mpaka leo alisoma gazeti kila asubuhi, miwani puani na kioo cha kukuzia mkononi, na akikuta neno limeandikwa vibaya aliligomba kama alivyokuwa akimgomba muuguzi mwanafunzi.

Aliyeileta balaa alikuwa wa tumbo moja, maana kikulacho ki nguoni mwako. Mama Foronya alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtembeza watalii, mtu wa maneno matamu ambaye angeweza kumwuzia chura mwavuli. Siku moja alikuja na afisa wa ofisi ya utalii, kijana wa viatu vinavyong'aa, na mpiga picha mmoja. Ofisi ilikuwa inatengeneza kipeperushi cha nyumba ndogo za wageni. Walipiga picha vitanda, wakapiga picha meza. Kisha afisa akamwona bibi kizee barazani na gazeti lake, akasimama kama aliyeona dhahabu.

"Bibi, tunaomba utoe miwani kidogo," alisema. "Inarudisha mwanga."

Bibi akaitoa. Wakamwondolea na gazeti.

Kipeperushi kilitoka baada ya wiki sita. Mbele kabisa kulikuwa na picha ya bibi, macho yamefinywa kwa kukosa miwani, na juu yake maandishi makubwa: *Lala Nyumbani, Amka na Bibi*. Mama Foronya alihakikisha namba ya simu haikukosewa. Maandishi ya chini yalikuwa madogo kama mbegu za ufuta, na miwani yake aliiacha jikoni. Atasoma baadaye. Alikitia kipeperushi kwenye fremu ya kioo, akakitundika ukumbini, akawa kila akipita anakifuta vumbi kwa ncha ya aproni.

Wageni wakaja. Vyumba vitatu vikajaa, wakatoka, vikajaa tena. Waliuliza habari za bibi kabla hata ya kutua mizigo, naye Mama Foronya aliona fahari. Alidhani ni heshima tu ya watu waliolelewa vizuri. Asubuhi, akipasua mayai, alijikuta anaimba.

Mwezi wa nne, siku ya kufua, alikuta doa la zambarau kwenye foronya ya mama yake.

Mama Foronya aliyajua madoa kama mganga anavyojua mizizi. La chai lina ukingo, la damu linataka maji baridi, la rangi ya midomo linasema uongo. Hili lilikuwa la wino, ule wa mihuri, na lilikuwa limejirudia mara tatu, dogo, la duara. Alilisugua mpaka vidole vikalalamika. Likafifia, likakataa kutoka.

"Mama, hiki ni nini?"

"Wino," alisema bibi, hakuinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Wino wa nini?"

"Mwanangu, unaniuliza mimi? Mfuaji ni nani humu ndani?"

Mama Foronya akacheka, maneno yakaishia hapo. Lakini wiki iliyofuata doa lilikuwa kwenye taulo, na alipolielekeza kwenye jua aliona mistari myembamba, imezunguka kama pete za gogo lililokatwa. Kilikuwa kidole gumba.

Asubuhi moja alitoka kufuata mkate akamkuta mwokaji hajafungua, akarudi upesi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mgeni mwanamke alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, ameushika mkono wa bibi kwa mikono miwili, anakikandamiza kidole gumba kwenye kisanduku cha wino, kisha kwenye daftari dogo lenye jalada la ngozi. Mumewe alikuwa anapiga picha. Bibi alikuwa amevua miwani. Gazeti lilikuwa limefichwa chini ya godoro, ncha yake imechungulia. Na uso wake ulikuwa uso ambao Mama Foronya hakuwahi kuuona katika maisha yake yote: mtupu, mpole, wa mtu asiyejua lolote.

"Mnafanya nini?"

Mgeni aligeuka akitabasamu. Hakuwa na ubaya moyoni, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mama Foronya baadaye. "Tunachukua sahihi ya bibi," alisema. "Kama ilivyoandikwa." Akatoa kipeperushi mfukoni, akamsomea mstari kwa mstari, kama anavyosomewa mtoto.

*Bibi huyu hajawahi kushika kalamu wala kutoka nje ya mtaa wake. Mwombe alama ya kidole chake. Ndiyo sahihi pekee anayoijua, na ni baraka kwa msafiri.*

"Funga hicho kisanduku," alisema Mama Foronya. Sauti ilitoka chini sana. "Chai iko mezani. Kanyweni."

Wakatoka, mmoja nyuma ya mwingine. Alifunga mlango, akachukua kitambaa, akaanza kukifuta kidole cha mama yake, na alikifuta kwa nguvu kupita kiasi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na wewe ukakubali? Wewe?"

"Polepole, hicho kidole hakina spea." Bibi akauvuta mkono wake. "Wa kwanza alipokuja nilifungua kinywa nimwambie. Nikakusikia jikoni unaimba. Hujaimba tangu ulipotoka kule kilimani. Nikasema, kidole ni kidole tu, hakipungui."

Mama Foronya aliweka kitambaa chini. Alitoka mpaka ukumbini, akavaa miwani, akakisoma kipeperushi ukutani kwake mwenyewe, alichokifuta vumbi kila siku kwa miezi. Kila neno lilikuwapo. Hasira iliyokuwa inamtafuta mgeni ikamgeukia yeye, ikamtandika ipasavyo, kisha ikaondoka naye mlangoni. Alitoka na aproni yake, na kwa kuwa kapu la nguo lilikuwa njiani, alilibeba bila kujua kwa nini.

Alimkuta mdogo wake kituo cha mabasi, anawapanga watalii kumi na wawili wenye kofia.

"Nani aliwaambia mama hajawahi kushika kalamu?"

Mdogo wake alimtazama, akatazama kapu, akajaribu tabasamu lake la kazini. "Dada, tuongee baadaye."

"Tuongee sasa. Hawa si wanapenda hadithi?"

Akamvuta pembeni, nyuma ya kibanda cha tiketi. "Ofisi walikuwa na nyumba arobaini mezani, dada. Zote kitanda, chai, mayai. Waliniuliza yenu ina nini. Nikawapa kitu. Mama hajaumia, wewe vyumba vimejaa. Ni hadithi tu, kila mtu anauza hadithi."

"Ada yako ya shule ilitoka kwenye kalamu hiyo. Ulipougua surua, mama alikaa kitandani kwako anakusomea kitabu mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwapo, nilikuwa nashika taa. Ukamtoa macho na mikono, ukamwacha kidole kimoja, ukakiuza."

Tabasamu likaisha. Watalii kumi na wawili walikuwa wameanza kutazama. Mama Foronya aliwaacha hapo.

Afisa wa utalii alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamwita mama, akamsikiliza mpaka mwisho huku akiichezea kalamu mezani. Alikiri kwamba yeye hakuthibitisha. Lakini nakala elfu tano zilikwisha chapwa, na kusema kweli, nyumba yao ndiyo iliyokuwa inaulizwa kuliko zote.

"Andikeni kwamba alikuwa mkunga," alisema Mama Foronya. "Mbona hiyo ni hadithi nzuri kuliko hiyo yenu? Nusu ya mji huu ilipita mikononi mwake."

Afisa akatikisa kichwa kwa upole, kama daktari. "Mama, elewa soko. Mtu hasafiri masafa yote hayo kuja kumwona muuguzi mstaafu. Wauguzi wanao kwao, tele."

"Wanakuja kuona nini?"

"Wanakuja kuona wasichokuwa nacho."

"Mtu mjinga?"

"Sikusema hivyo."

"Umeandika hivyo. Kusema ni afadhali, maneno hupeperuka."

Maboksi manne yalikuwa yamepangwa ukutani, moja liko wazi. Mama Foronya aliinuka, akayaendea, akaanza kumimina vipeperushi kapuni. Alifanya bila haraka, kama anayekusanya nguo baada ya wageni kuondoka. Afisa alidhani anachukua vichache vya kugawa. Alipoona boksi la pili limeinamishwa, akasimama.

"Mama, unavipeleka wapi?"

"Kufua," alisema. "Ni vichafu."

Pengine angemzuia. Lakini kumshika mwanamke wa miaka hamsini na tisa kapu lake, mbele ya madirisha ya vioo yanayotazama barabara, si jambo ambalo afisa wa utalii hulifanya. Mama Foronya alirudi mara ya pili kwa maboksi mawili yaliyobaki, akakuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Akatosheka na yaliyopatikana.

Uani, alijaza beseni kubwa, akamimina sabuni, akavitia vyote. Karatasi ile nzuri ilikataa kwanza, ikaelea, nyuso mia nane za mama yake zikimtazama bila miwani. Akazikanyaga kwa miguu, kama walivyokuwa wakikanyaga mablanketi kule hotelini, mpaka maji yakawa uji wa kijivu. Wale wageni wawili walikuwa wameshafunga mizigo. Walipita pembeni ya ukuta wakaaga kwa kunong'ona, na kitandani waliacha barua ya kuomba radhi ambayo hakuisoma mpaka kesho yake.

Bibi alikuwa dirishani muda wote.

"Hasira hasara," alisema.

"Na upole je, mama? Upole umetupa nini, zaidi ya madoa?"

"Uliniuliza?"

Mama Foronya akasimama ndani ya beseni, povu magotini.

"Yule kijana hakuniuliza," bibi aliendelea. "Mdogo wako hakuniuliza. Na wewe umetoka hapa umebeba kapu, umekwenda kunipigania mji mzima, hukuniuliza. Mimi nipo. Nina mdomo. Nilikuwa naliona jambo hili linafika mwisho, nilitaka nilimalize mwenyewe."

"Ungelimalizaje?"

"Niletee karatasi."

Aliandika ukurasa mmoja, na ilimchukua mpaka alasiri kwa sababu hakutaka kufuta hata neno moja. Hakutukana mtu. Alieleza alikuwa nani, amefanya kazi wapi na kwa miaka mingapi, akaiamuru ofisi iondoe picha yake na habari za nyumba yao popote zilipo. Kesho yake afisa alipokuja na askari mmoja kuulizia mali ya ofisi, bibi aliwapokea barazani, miwani puani, akampa barua mkononi na kumtaka aisome hapo hapo, kwa sauti. Afisa alisoma. Askari aliposikia jina la hospitali alivua kofia, akauliza kama ni yule mkunga wa wodi ya juu, na baada ya hapo hakutaka tena kuuliza habari za maboksi.

Radhi haikuombwa. Afisa aliikunja barua, akasema toleo lijalo nyumba hii haitakuwamo. "Ndicho nilichoandika," alijibu bibi.

Haikuwamo. Mvua zilipoanza, chumba kimoja tu kilikuwa na mtu, na wiki nyingine hapakuwa na yeyote. Vipeperushi vilivyobaki viliendelea kuzagaa, na kila baada ya muda alitokea mgeni na kisanduku chake cha wino. Mama Foronya aliwapa chai, akawaeleza ukweli, tena na tena, na kila mara hasira ilipanda upya kama maziwa jikoni. Baadhi walibaki wakaongea na bibi mpaka mchana. Wengine waliona wamepunjwa, wakaenda kulala kilimani.

Mdogo wake alikuja baada ya miezi saba, Jumapili. Aliingia kwa mama yao, akakaa humo muda mrefu, mlango umefungwa. Mama Foronya hakwenda kusikiliza. Alikuwa uani na shuka pana ya kitanda kikubwa, imelowa, na shuka ya namna hiyo mtu mmoja haikamui, hasa mwenye vidole kama vyake. Ndugu yake alitoka, macho mekundu, akasimama. Kisha akashika ncha ya pili. Wakasokota, huyu kulia, huyu kushoto, maji yakawamwagikia miguuni.

"Dada," alisema, "nina kundi la watu wanne wiki ijayo. Watu wazuri. Nilikuwa nafikiri..."

"Hapana," alisema Mama Foronya. "Kaza."